Moyo Uliochanika: Tushone Leo au Tusubiri?

Mada ya mjadala huu ni finyu, nami nimeichagua kwa huo ufinyu wake. Mtu amepata shambulio la moyo. Amefikishwa hospitali, amepewa dawa, maumivu yametulia, ndugu wameanza kupumua. Siku ya pili, ya tatu au ya tano, mambo yanageuka. Anahema, shinikizo la damu linaporomoka, mikono inakuwa ya baridi, na daktari akiweka stetoskopu kifuani anasikia mvumo ambao jana haukuwepo. Ukuta unaotenganisha chemba mbili za chini za moyo umetoboka. Apasuliwe leo, au asubiriwe mpaka nyama ishike?

Sauti ni nne, nami mwandishi nitakuwa naingilia. Wenye sauti hizi si watu halisi. Ni misimamo inayogongana katika taaluma hii, nami nimeipa vinywa. Mpasuaji ni profesa aliyezeeka kazini. Bingwa wa moyo aliwahi kuwa mwanafunzi wake, kwa hiyo anamheshimu lakini hamwogopi. Yupo Sista wa chumba cha wagonjwa mahututi, na yupo Daktari wa wilaya, ambaye kwa muda mrefu atakaa kimya.

BINGWA WA MOYO: Profesa, naomba tuanze na nyama yenyewe, maana ubishi wote unatoka hapo. Shambulio la moyo linatokea pale mshipa unaolisha misuli ya moyo unapoziba. Sehemu iliyokosa damu inakufa. Siku chache zinazofuata mwili unatuma chembe nyeupe kuondoa seli zilizokufa, na kazi hiyo inailainisha nyama kuliko ilivyokuwa saa ile ilipokufa. Kovu linakuja baadaye, kuanzia wiki ya pili hivi, na linataka wiki kadhaa kukomaa. Wakati huo wote chemba ya kushoto haipati likizo. Inaendelea kusukuma damu kwa nguvu ileile ya kuufikia mwili mzima, ikiegemea ukuta uliooza upande mmoja.

MPASUAJI: Na ukuta huo unaweza kuachia mahali patatu. Ukiachia upande wa nje, damu inamwagikia ndani ya mfuko unaozunguka moyo, moyo unabanwa usiweze kufunguka, na mgonjwa anakufa ndani ya dakika chache. ECG, mashine inayochora umeme wa moyo, inaendelea kuchora mawimbi, lakini ukishika mkono hupati mapigo. Wachache wana bahati: ufa ni mdogo, mfuko unaziba, damu inabaki imejikusanya kando ya moyo kama uvimbe. Huyo naye si mzima, kwa sababu uvimbe huo unaweza kupasuka wakati wowote. Mahali pa pili ni kile kimsuli kinachoshikilia vali ya mitrali. Kikikatika, vali inapepea na damu inarudi kinyumenyume kuelekea mapafuni. Mahali pa tatu ndiyo mada yetu.

BINGWA WA MOYO: Kwa vali hatugombani.

MPASUAJI: Hata kidogo. Msuli wa vali ukikatika kabisa, mgonjwa anaingia chumba cha upasuaji siku hiyohiyo. Na ajabu yake, shambulio lenyewe huenda lilikuwa dogo. Misuli hiyo iko miwili. Wa mbele kwa kawaida hulishwa na mishipa miwili, wa nyuma hulishwa na mmoja tu, ndiyo maana wa nyuma hukatika mara nyingi zaidi. Moyo uliobaki unaweza kuwa na nguvu ya kutosha. Ukiwahi kubadilisha vali, wengi wanarudi nyumbani.

SISTA: Ila niseme neno hapo. Mgonjwa wa vali anaweza asiwe na mvumo wowote. Damu inarudi kwa wingi na kwa uwazi mpana kiasi kwamba haipigi kelele. Vijana wakija wodini wanategea sauti, wakiikosa wanaandika kwamba mapafu yamejaa maji, wanaongeza dawa ya kukojoza, wanaondoka. Wa ukuta wa kati ndiye mwenye mvumo mkali, hata ukilaza kiganja kifuani unahisi mtetemo.

Haya ni ya kuweka akilini, kisha tuyaache. Kwa ukuta wa nje hakuna muda wa kubishana. Kwa vali hakuna sababu ya kubishana. Ubishi wa kweli uko kwenye ukuta wa kati, na hapo mpasuaji anasema jambo ambalo wengi hawalitarajii kutoka kwa mtu wa kisu.

MPASUAJI: Mimi nasema tusubiri. Kushona ukuta uliokufa juzi ni kushona mkate uliolowa maji: sindano inapita vizuri, uzi nao unapita vizuri, kisha unapoukaza unakata nyama na kutoka mkononi mwako. Unaondoka umeziba tundu, keshokutwa kiraka kimeachia na tundu limerudi. Wazee wetu walilijua hili. Denton Cooley alipofanya upasuaji wa kwanza wa namna hii, mwaka 1956 kule Houston, na kwa miaka mingi baada yake, waliopasuliwa walikuwa wale walioishi wiki kadhaa na tundu lao.

BINGWA WA MOYO: Kwa sababu wengine wote walikuwa wamekwisha kuzikwa, Profesa.

MPASUAJI: Subiri nimalize, binti yangu. Miaka ya 1970 akina Willard Daggett wa Massachusetts General Hospital walionyesha kwamba ukitumia viraka vikubwa badala ya kuvuta kingo zilizokufa zikutane, unaweza kupasua mapema. Baadaye Tirone David wa Toronto akaja na njia nyingine: usikate nyama iliyokufa, shona kiraka ndani ya chemba ya kushoto kwenye nyama nzima iliyo pembezoni, ili eneo lililokufa litengwe na shinikizo. Ni mbinu nzuri, hata mimi naipenda. Sasa tazama hesabu. Kumbukumbu za chama cha wapasuaji wa kifua cha Marekani, za kati ya mwaka 1999 na 2010, zina wagonjwa 2,876 waliozibwa tundu hili. Waliopasuliwa ndani ya siku 7 walikufa asilimia 54.1. Waliopasuliwa baada ya siku 7 walikufa asilimia 18.4. Nikuulize wewe, ungependa baba yako awe kundi gani?

BINGWA WA MOYO: Ningependa baba yangu awe hai siku ya 8, ndipo nichague kundi. Kumbukumbu hizo ni za waliofika mezani, Profesa. Aliyeambiwa asubiri, akafa siku ya 4 akisubiri, hakupasuliwa, kwa hiyo hamo katika asilimia 18 wala hamo katika asilimia 54. Hamo popote. Aliyevuka wiki amevuka kwa sababu tundu lake lilikuwa dogo, au chemba yake ya kulia ilikuwa bado na nguvu, au figo zake zilistahimili. Na aliyepasuliwa siku ya pili alipasuliwa kwa sababu alikuwa anakufa. Umelinganisha mtu aliyetembea mpaka chumba cha upasuaji na mtu aliyebebwa.

Hapa nitaacha uenyekiti kidogo niseme ninavyoona. Kwa hesabu, mwanafunzi amemshinda mwalimu. Takwimu za kusubiri zinahesabu walionusurika kusubiri, na yeyote anayezisoma kama ushauri wa kusubiri anasoma orodha ya waliofika na kusahau waliobaki njiani. Lakini kosa hilo lina pacha wake, na ni haki litajwe. Utafiti mkubwa wa GUSTO-I wa miaka ya mwanzo ya 1990 ulikuwa na wagonjwa 41,021 waliopewa dawa za kuyeyusha bonge la damu. Waliotoboka ukuta wa kati walikuwa 84. Kati ya waliopasuliwa, asilimia 47 walikufa ndani ya siku 30. Kati ya waliotibiwa kwa dawa peke yake, asilimia 94. Watu wa upande wa "pasua sasa hivi" huinyanyua namba hiyo kama bendera. Lakini huenda wengi wa wale waliobaki na dawa waliachwa kwa sababu hakuna mpasuaji aliyethubutu kuwagusa. Upande huu nao unahesabu walioteuliwa.

MPASUAJI: Nakubali hesabu, sikubali hitimisho. Ninaposema kusubiri sina maana ya kukaa na kutazama. Namwekea puto ndani ya aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, linalojaa moyo unapotulia na kunywea moyo unaposukuma, ili damu ipate njia rahisi ya kwenda mbele badala ya kupitia tunduni. Hali ikiwa mbaya zaidi namuunganisha na mashine ya ECMO, ifanye kazi ya moyo na mapafu kwa siku kadhaa. Nanunua muda. Kingo za tundu zinakaza, nami naingia mara moja, nashona mara moja.

BINGWA WA MOYO: Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 ulisema upasuaji wa dharura unahitajika hata kwa mgonjwa aliyetulia, kwa kuwa tundu linaweza kupanuka ghafla. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2017 ulikuwa mpole zaidi: asiyeitikia tiba haraka apasuliwe mapema, anayeitikia vizuri anaweza kusubiri. Mabara mawili, moyo mmoja. Na kuna mlango wa tatu ambao wewe huupendi. Unapitisha mrija kwenye mshipa, unafungua kizibo cha nyavu za waya pande zote mbili za tundu, bila kupasua kifua. Waingereza walichapisha mwaka 2014 habari za wagonjwa 53 waliozibwa hivyo katika vituo 11. Asilimia 58 walitoka hospitali wakiwa hai.

MPASUAJI: Kizibo kinahitaji kingo za kushika, na hizo kingo ndizo zilezile laini nilizozisema. Tundu la mbele, karibu na ncha ya moyo, mara nyingi ni njia moja iliyonyooka, hapo nitakupisha. Tundu la nyuma, linalofuata shambulio la chini ya moyo, hujipinda kama pango, na chemba ya kulia huwa imeumia pamoja nalo. Hapo kizibo chako kitaelea.

SISTA: Mnaruhusu na mimi? Profesa anaposema wiki moja, mimi nahesabu zamu 21. Kila saa napima mkojo, kwa sababu figo ndizo zinazosema kwanza kwamba kusubiri kumeshindikana. Mguu ulioingiziwa puto naukagua kama bado una joto. Mirija inayoingia shingoni ni mlango wa vijidudu, na mgonjwa aliyelala chali siku 7 nyama za mapaja zinayeyuka. Halafu ndugu wanaona mvua ya namba kwenye skrini na wananiuliza mimi, si ninyi: "Sista, mbona hawamfanyii kitu?" Kusubiri ni tiba ghali kuliko upasuaji wenyewe. Pale ambapo hakuna wauguzi wa kutosha usiku, kusubiri ni jina jingine la kumwacha.

MPASUAJI: Hilo sina jibu lake, Sista.

Naona ni maneno mazito kuliko yote yaliyosemwa mpaka hapa, na hayakutoka katika jarida lolote. Daktari wa wilaya sasa ameinua mkono.

DAKTARI WA WILAYA: Shikamoo Profesa. Nimewasikiliza wakubwa zangu na nimejifunza. Lakini mgonjwa wenu huyu, mwenye puto, ECMO na kizibo cha nyavu, mimi simfahamu. Wangu anaanza hivi: amebanwa kifua saa nane usiku, jasho limemtoka, anatapika. Nyumbani wanasema ni vidonda vya tumbo, anapewa maziwa. Asubuhi anakwenda duka la dawa, anapewa dawa ya gesi. Maumivu hayaachi, anakwenda zahanati, anachomwa sindano ya Diclofenac. Siku ya pili au ya tatu ndipo ananifikia, na mashine ya ECG huenda karatasi imekwisha.

BINGWA WA MOYO: Diclofenac hiyo ni hatari peke yake. Dawa za kundi hilo hazitakiwi kabisa kwa mtu mwenye shambulio la moyo, na mojawapo ya sababu zinazotajwa ni kwamba zinaongeza uwezekano wa moyo kupasuka.

DAKTARI WA WILAYA: Sasa zungumzieni hiyo redioni. Mnasema jambo hili ni la nadra. Kwenye GUSTO-I ni wagonjwa 2 katika kila 1,000. Lakini zamani, kabla ya dawa za kuyeyusha bonge na kabla ya kuzibua mishipa kwa puto na stenti, vitabu viliandika 1 mpaka 2 katika kila 100. Unadra huo ulinunuliwa. Ulinunuliwa kwa kuwahi mshipa kabla nyama haijafa yote. Ambaye hakuwahi, hesabu yake ni ile ya zamani. Wagonjwa wangu wanaishi katika takwimu za babu zao.

MPASUAJI: Una ushahidi wa hao wako, kijana, au ni hisia?

DAKTARI WA WILAYA: Watafiti waliofanya kazi Moshi wamechapisha mara kadhaa kwamba wengi wenye shambulio la moyo wanaofika dharura hawatambuliwi, hawapimwi ECG, wanaandikiwa ugonjwa mwingine. Sasa kama shambulio lenyewe halionekani, nani ataona ukuta ulipotoboka siku ya nne? Anayepasuka ukuta wa nje anakufa ghafla, tunaandika kifo cha ghafla, anazikwa kesho yake. Uchunguzi wa maiti kwetu haufanywi mara nyingi, na familia nyingi hazitaki. Mimi siamini kwamba mioyo ya kwetu haichaniki. Naamini haihesabiwi.

BINGWA WA MOYO: Na wanaochanika zaidi wanajulikana. Wazee. Wanawake. Wenye shinikizo la damu. Mtu ambaye hilo ni shambulio lake la kwanza na hakuwahi kuumwa kifua kabla, kwa sababu moyo wake haukupata nafasi ya kujitengenezea njia za pembeni za damu. Na waliochelewa. Huyo aliyechelewa ukimpa dawa ya kuyeyusha bonge saa nyingi baada ya maumivu kuanza, faida inapungua na hatari ya kupasuka inaongezeka. Ndiyo maana, Daktari, sitaki mnipigie simu baada ya kuchoma dawa; nipigieni kabla.

MPASUAJI: Naona mwelekeo wa maneno haya, nao naukataa nusu. Watasema: basi upasuaji ni anasa, fedha zote ziende zahanati. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam ilianza mwaka 2015. Kabla yake, wagonjwa wengi wa kupitishiwa mrija moyoni au wa kupasuliwa moyo walitafutiwa tiketi ya India, na mwenye ukuta uliotoboka hapandishwi ndege. Nairobi wanapasua, Mulago pale Kampala wanapasua. Mikono hii ikikosa kazi ya namna hii inasahau. Usinijengee zahanati kwa kubomoa chumba changu.

DAKTARI WA WILAYA: Sibomoi, Profesa. Nikimtambua mgonjwa nikakosa pa kumpeleka, nimemtambua wa nini? Ninachoomba ni vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji bunge. Karatasi za ECG. Namba ya simu inayopokelewa usiku. Na eko ndogo ya mkononi, mashine ya kuona moyo kwa mawimbi ya sauti, pamoja na mtu aliyefundishwa kuitumia, kwa sababu tundu la ukuta wa kati linaonekana kwa eko kitandani bila kumhamisha mgonjwa, na damu kwenye mfuko wa moyo hata anayejifunza anaiona.

SISTA: Ongeza cha nne: mumsikilize kifua kila asubuhi. Mgonjwa wa shambulio la moyo akishatulia, daktari anapita kitandani anasoma faili, anauliza "Umeamkaje mzee?", anakwenda kitanda kinachofuata. Stetoskopu iko shingoni. Mvumo mpya siku ya tatu haumo kwenye faili.

BINGWA WA MOYO: Sista yuko sahihi, hata kwetu tulio na mitambo. Katika GUSTO-I nusu ya matundu yalitokea ndani ya siku moja hivi tangu dalili kuanza. Tuliokariri "siku ya tatu mpaka ya tano" tunachelewa hata kutega sikio. Ni kila siku, tangu ya kwanza.

Mimi mwandishi natakiwa kutoa uamuzi, na sitaugawa sawa ili kila mmoja aondoke na kipande. Katika swali lililoulizwa, Bingwa ana haki kwa mgonjwa ambaye mkojo umekauka na shinikizo haliinuki: huyo hana wiki ya kusubiri, na namba za Profesa hazimhusu. Profesa ana haki kwa mgonjwa anayekojoa, anayezungumza, na ambaye kitanda chake kina muuguzi saa zote 24. Pasipo muuguzi huyo, na pasipo puto wala ECMO, kusubiri kusiitwe uamuzi wa kitabibu. Mgonjwa asafirishwe kwenda palipo na mpasuaji siku mvumo uliposikika, na barua ya rufaa iandike saa ya maumivu kuanza, dawa alizopewa na saa ya mvumo kusikika mara ya kwanza.

Nawe msomaji ambaye si daktari: maumivu yanayobana katikati ya kifua, pamoja na jasho au kichefuchefu, yakipita dakika 15 bila kuachia, nenda hospitali yenye ECG usiku huohuo. Usikubali sindano ya maumivu kabla hujapimwa.